Misemo ya Kiingereza ya Mtu Aliyebanwa: Uchunguzi wa Maana na Tafsiri

Katika lugha ya Kiingereza mna misemo mingi itumikayo kumweleza mtu aliyefikwa na jambo gumu asijue pa kupitia. Mtu wa namna hiyo husemwa kuwa yu kati ya shetani na kilindi cha bahari, au kati ya mwamba na mahali pagumu. Husemwa kuwa amekalia pembe mbili, ametumbukia katika achari, ameachwa kijitoni bila kafi, au amepewa hiari ya Hobson. Mfasiri wa Kiswahili aghalabu huikusanya misemo hiyo yote katika kapu moja na kuifasiri kwa maneno mawili matatu: yu taabani, amekwama, mambo yamemwendea mrama. Tafsiri hizo si za uongo, kwa kuwa taabu imo katika kila msemo. Lakini taabu si maana yote. Kila mmoja wa misemo hiyo una umbo lake, na umbo hilo hujibu maswali matatu: ni njia ngapi zilizofungwa, ni nani aliyezifunga, na je, kuna saa ambapo mojawapo itafunguka? Mfasiri asiyeyauliza maswali hayo humwonyesha msomaji maumivu ya aliyebanwa, lakini humficha aliyembana.

Yafaa kuanza na msemo wa kale kidogo, “between the devil and the deep sea”, ambao baadaye uliongezewa neno la kuitaja bahari kuwa ni ya buluu. Wako wanaosimulia kwamba shetani atajwaye hapo si Ibilisi bali ni mwanya fulani kati ya mbao za merikebu, na ya kuwa baharia aliyetumwa kuutia kalafati alining'inia penye hatari ya kuanguka majini. Simulizi hiyo yapendeza, hasa kwa watu wa pwani waijuao kazi ya kalafati. Lakini haina msingi imara, kwa sababu neno hilo kwa maana ya mwanya wa merikebu laonekana katika maandishi ya miaka mingi baada ya msemo wenyewe. Msemo ulikwisha kuandikwa mwaka 1637 na Robert Monro, askari wa Uskochi aliyepigana huko Ulaya katika Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza 1618 na kwisha 1648. Monro hakuwa akieleza mambo ya merikebu. Alikuwa akieleza jinsi yeye na kikosi chake walivyokaa mahali pao pa ulinzi huku mizinga ikiwaangukia kutoka pande mbili: mizinga ya adui, na mizinga ya jeshi lao wenyewe ambayo makombora yake hayakufika mbali ya kutosha.

Jambo hilo ni la kuzingatiwa. Katika maandishi hayo ya 1637, mmoja wa wabanaji wawili ni rafiki. Askari hakutishwa na adui peke yake. Alitishwa pia na wale waliomweka pale. Tafsiri isemayo kwamba Monro alikuwa “hatarini” ni sahihi kwa kiasi chake, lakini imeuacha uchungu wa habari yenyewe, yaani kwamba hatari ya nyuma ilitoka kwao.

Kuna shida nyingine katika kuuhamisha msemo huo. Kilindi cha bahari katika Kiingereza hapa ni jina la maangamizi. Kwa Mswahili wa pwani bahari ni njia na ni riziki, na aghalabu nahodha hukiogopa kina kifupi kuliko kirefu. Ndiyo maana lugha ya Kiswahili ina kitenzi kizuri sana, kupwelewa, kisemwacho kwa chombo kilichoachwa juu ya mchanga au mwamba maji yakiisha kupwa. Na kutoka hapo kikatumika kwa mtu aliyekwama katika shughuli zake au katika maneno yake. Mtu aweza kudhani kwamba hiki ndicho kitenzi cha kufasiria misemo yote ya Kiingereza ya kukwama. Sivyo. Kupwelewa kuna dawa yake, nayo ni kungoja: maji yaliyopwa yatajaa, na chombo kitaelea. Katika msemo wa Monro hakuna maji yatakayojaa. Mfasiri aliyechagua kupwelewa amempa askari yule tumaini ambalo mwenyewe hakulitaja. Kinyume chake, pale ambapo mwandishi wa Kiingereza amemsema mfanyabiashara aliyekwama mpaka msimu ugeuke, kupwelewa kutakuwa ni tafsiri bora kuliko asili yake.

Msemo wa pili, “between a rock and a hard place”, ni wa Marekani, na si wa zamani sana. Mwaka 1921 uliandikwa katika orodha ya maneno ya watu wa Arizona, na maana iliyotolewa ilikuwa ni kufilisika. Watu wengi hupenda kuuhusisha na mambo yaliyotokea Bisbee, mji wa machimbo ya shaba katika Arizona hiyo hiyo. Wachimbaji wa hapo waligoma wakidai ujira na hali bora za kazi, na tarehe 12 Julai 1917 zaidi ya watu 1,000 walikamatwa, wakapakiwa katika mabehewa ya ng'ombe na kwenda kutupwa katika jangwa la New Mexico. Wasimulizi husema kwamba mwamba ni ule mwamba wa machimbo, na mahali pagumu ni umaskini wa kukosa kazi. Ushahidi wa kuuunganisha msemo na siku ile haupo katika orodha ya 1921, ambayo husema habari za kufilisika tu. Kwa hiyo mwanachuoni mwangalifu hatautia katika kamusi kama asili iliyothibitishwa. Hata hivyo simulizi yenyewe yafundisha jambo: watu wausikiapo msemo huo hutafuta mtu au kampuni iliyouweka ule mwamba. Hawaridhiki kuambiwa kwamba taabu ilizuka tu.

Kuufasiri msemo huo neno kwa neno, “kati ya mwamba na mahali pagumu”, ni kosa linaloonekana mara kwa mara katika magazeti na katika hotuba. Katika Kiingereza uzuri wake umo katika ulinganifu wa maneno: mwamba wenyewe ni mahali pagumu, basi mtu hana tofauti ya kuchagua. Katika Kiswahili ulinganifu huo wapotea, na “mahali pagumu” hubaki maneno makavu yasiyochora kitu machoni. Afadhali mfasiri atafute umbo ambalo Kiswahili chenyewe hulijenga kwa urahisi: mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki. Vitenzi hivi viwili vyenye kukanushwa hufanya kazi ile ile ifanywayo na majina mawili katika Kiingereza, kwa kuwa vyote viwili hufunga, na hakuna kimoja kilicho chepesi kuliko mwenzake.

Hapa hapana budi kutaja neno lililo maarufu kuliko yote katika tafsiri za aina hii, nalo ni njia panda. Siku hizi karibu kila aliyebanwa katika habari zilizofasiriwa husemwa kuwa yuko njia panda. Lakini njia panda ni mahali pa njia zilizo wazi. Asimamaye hapo ana shaka ya kuchagua, hakuzuiwa kwenda. Methali isemayo kwamba njia mbili zilimshinda fisi yathibitisha maana hiyo: fisi yule alinusa harufu ya kitoweo huku na harufu ya kitoweo huku, akataka zote mbili, akaangamia kwa tamaa yake. Fisi alibanwa na mema mawili. Mtu wa msemo wa Kiingereza amebanwa na mabaya mawili. Tena fisi alijibana mwenyewe. Kumwambia mchimbaji aliyefukuzwa kazi, au mkulima aliyelemewa na deni, kwamba yuko njia panda ni kumweka katika nafasi ya fisi, na kumlaumu kwa kutochagua upesi. Hili si kosa dogo la msamiati, kwa maana limegeuza hukumu.

Msemo wa tatu hutokana na elimu ya mantiki ya Wayunani na Warumi. Hoja yenye masharti mawili, ambayo kila moja humwumiza ajibuye, iliitwa hoja yenye pembe, na hata leo Kiingereza humweka mtu aliyepatikana na hoja hiyo juu ya pembe za mnyama: aikwepaye moja atachomwa na ya pili. Kiswahili kina neno pembe, lakini neno hili lina maana mbili, pembe ya mnyama na pembe ya nyumba. Mfasiri aandikaye kwamba fulani yuko “katika pembe za utata” atamfanya msomaji amwone mtu aliyesimama kwenye kona ya chumba, asimwone ng'ombe. Kwa bahati njema picha hiyo ya pili nayo ni ya kubanwa, na hata Kiingereza husema kwamba mtu amesukumwa kwenye kona. Basi yafaa mfasiri ajue ni pembe ipi aitakayo. Na kama aitaka ya mnyama, hana budi kumtaja mnyama mwenyewe.

Mfano mashuhuri wa hoja yenye pembe katika historia ya Uingereza ni ule uitwao uma wa Morton. John Morton alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury tangu 1486 mpaka alipokufa 1500, na alikuwa mshauri wa Mfalme Henry wa Saba. Francis Bacon, katika kitabu chake juu ya mfalme huyo kilichotolewa 1622, alitaja masimulizi ya kwamba Morton aliwaagiza watoza fedha za mfalme wawaambie matajiri wenye kuishi kwa fahari kuwa fahari yao yaonyesha kwamba wana mali, basi na walipe. Na wale wenye kuishi kwa kubana matumizi waambiwe kuwa bila shaka wameweka akiba, basi nao walipe. Erasmus alisimulia hoja ya namna hiyo kumhusu kiongozi mwingine wa dini wa zama hizo, Richard Foxe, kwa hiyo haina hakika ni nani aliyeitunga. Lililo hakika ni umbo lake. Jibu la raia halina kazi, kwa sababu hukumu ilikwisha kukatwa kabla ya swali.

Kiswahili kina msemo wa kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani, ambao watu wengine wangependa kuutumia hapa. Unakaribia, lakini haukufika. Katika kesi ya ngedere kosa ni la hakimu mwenye kupendelea jamaa yake. Akiletwa hakimu mwingine, haki yaweza kupatikana. Katika uma wa Morton, hata akiletwa hakimu mwadilifu, hoja yenyewe itakata vile vile, maana imetengenezwa ili pande zote mbili zifike kwenye malipo. Tafsiri iliyo karibu zaidi ni kuyataja masharti yenyewe kwa ufupi: ukila wadaiwa, usipokula wadaiwa. Msomaji atacheka kwanza, kisha atatambua kwamba yuko mtu anayedai.

Hiari ya Hobson mara nyingi huchanganywa na misemo hii, hata na Waingereza wenyewe, nayo si ya ukoo huu hasa. Thomas Hobson alikuwa mchukuzi wa Cambridge aliyekufa mwaka 1631, akakodisha farasi kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha hapo. John Milton alimtungia mashairi mawili alipokufa, na mwaka 1712 gazeti la The Spectator lilieleza asili ya msemo uliobeba jina lake. Hobson alikuwa na farasi wengi, lakini mteja hakuruhusiwa kujichagulia. Ilimpasa amchukue farasi aliyesimama karibu na mlango, la sivyo aende zake. Kwa njia hiyo kila farasi alipata zamu ya kazi na zamu ya kupumzika. Hapa hakuna mabaya mawili. Kuna jambo moja tu, limevikwa vazi la hiari. Kiswahili hulisema jambo hilo kwa ufupi usioshindika: lisilo budi hubidi. Hata hivyo methali hiyo huyaacha mambo mikononi mwa majaliwa, na msemo wa Kiingereza hulitaja jina la mwenye farasi. Mfasiri akitaka kuyahifadhi yote mawili, itambidi aandike kwamba mteja alipewa hiari ya kumchukua farasi aliyepewa.

Jambo la kuchagua lililo baya na lililo baya zaidi lina mfano wake wa kale katika Odisei ya Homer, katika kitabu cha kumi na mbili. Odysseus alipaswa kupita kati ya Scylla, jitu la vichwa sita, na Charybdis, maji yamezayo vyombo. Watu wa baadaye walipahesabu mahali hapo kuwa ni mlango wa bahari wa Messina, kati ya Italia na Sicily. Katika Kiingereza cha leo majina hayo mawili hutumika kana kwamba hatari zote mbili zilikuwa sawa. Lakini katika utenzi wenyewe hazikuwa sawa hata kidogo. Circe alimshauri Odysseus apite upande wa Scylla, kwa maana kupoteza watu sita ni afadhali kuliko kupoteza chombo na wote waliomo. Na watu sita wakapotea kweli. Hapa methali ya Kiswahili, heri nusu shari kuliko shari kamili, yaieleza hadithi ya Homer kwa usahihi kuliko msemo wa Kiingereza uliotokana nayo. Mfasiri akutanaye na majina hayo katika insha ya leo, au katika mzaha wa Launcelot kwa Jessica ndani ya tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hana budi kutazama kwanza kama mwandishi amekusudia hatari zilizo sawa au zilizopitana. Katika mzaha ule zimekusudiwa kuwa sawa: binti akimkwepa baba aangukia kwa mama, wala hapati faida kwa upande wo wote.

Misemo mingine yaweza kupitwa upesi. Kuruka kutoka kikaangoni hadi motoni, ambako kumo katika mkusanyo wa methali wa John Heywood wa mwaka 1546, kuna mwenzake kamili katika kuruka majivu na kukanyaga moto. Kiswahili hapa hakikopi wala hakipungukiwi. Kuwa katika achari, kunakoonekana katika tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa na S. Mushi mwaka 1969 kwa jina la Tufani, kulikuwa na harufu ya ulevi pale mwanzo, kwani husemwa juu ya Trinculo aliyelowa kwa kinywaji. Leo msemo huo ni wa taabu nyepesi tu, na kumtumia mtu aliyefikwa na msiba ni kumdhihaki. Kuachwa kijitoni bila kafi ni taabu ya kukosa chombo cha kujisaidia, wala haihusu njia mbili. Mwenzake katika Kiswahili ni wa maji yaliyofika shingoni, ijapokuwa Mwingereza hapa bado yumo ndani ya mtumbwi, na Mswahili amekwisha kulowa.

Msemo ulio mchanga kuliko yote ndio ulio mgumu kuliko yote. Joseph Heller, aliyekuwa mlenga mabomu katika ndege za Marekani huko Italia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alitoa riwaya yake Catch-22 mwaka 1961. Sura ya kwanza ilipochapishwa 1955 namba ilikuwa 18. Ikabadilishwa kwa sababu Leon Uris naye alitoa mwaka ule wa 1961 riwaya yenye namba hiyo katika jina lake. Basi namba 22 haina siri yo yote. Siri imo katika kanuni. Rubani mwenye wazimu aweza kuondolewa katika safari za vita, lakini lazima aombe mwenyewe. Na aombaye kuondolewa katika hatari ameonyesha kwamba ana akili timamu, basi haondolewi. Mlango upo, na mkono wa mtu ukiugusa hujifunga.

Kwa matumizi ya kila siku Waingereza na Wamarekani wameulainisha msemo huu. Kijana asiyepata kazi kwa kukosa uzoefu, na asiyepata uzoefu kwa kukosa kazi, husema amekutana nao. Kwa maana hiyo mfasiri aweza kusema kwamba nyumba imefungwa na ufunguo umo ndani, na ataeleweka. Lakini katika riwaya kanuni ile si ajali ya mlango. Karibu na mwisho wa kitabu, Yossarian afika Roma na kukuta wanawake wa nyumba moja wamefukuzwa na askari. Kikongwe aliyebaki amweleza kwamba askari walitaja kanuni hiyo, na ya kuwa kanuni hiyo haiwalazimu kuionyesha. Ndipo Yossarian atambuapo kwamba kanuni haipo, na ya kwamba kutokuwapo kwake hakusaidii kitu, kwa kuwa isiyokuwapo haiwezi kusomwa, kupingwa, wala kufutwa. Ufunguo uliosahauliwa ndani haumlaumu mtu. Kanuni ya Heller ina wenyewe, nao wamevaa sare.

Kwa hiyo kila mfasiri atakayekutana na jina hilo itampasa ajue yuko mbele ya maana ipi: ile iliyolainika, au ile ya riwaya. Kwa ile ya kwanza, ufunguo watosha. Kwa ile ya pili, hakuna msemo wa Kiswahili uliokwisha kukaa tayari, na ni bora kukiri hivyo na kuifasiri kanuni yenyewe kwa ukamilifu wake kuliko kuikata iingie katika neno utata. Neno hilo, pamoja na ndugu yake tatizo, hutoka katika kutatiza, yaani kuzongesha kama uzi. Uzi uliozongeka hauna mwenye nia mbaya. Wahitaji subira tu na vidole vyepesi. Uma wa Morton na kanuni ya Heller si uzi uliozongeka. Ni mitego, na mtego huwa na aliyeutega.

Watungaji wa kamusi za lugha mbili wangefanya vyema basi wasiipange misemo hii chini ya neno shida, bali waigawe kwa yale maswali matatu. Iliyo ya njia moja iliyofungwa, kama kijito bila kafi, iwe mbali na ya njia mbili. Iliyo ya kungoja ipewe kupwelewa. Iliyo ya tamaa ya mtu mwenyewe ipewe njia panda na fisi wake. Na ile yenye mbanaji ipewe tafsiri itakayomwacha mbanaji asimame waziwazi ndani ya sentensi, hata kama sentensi itarefuka. Wasomaji wa Kiswahili hawakupata kuchoshwa na urefu wa habari ambayo ndani yake mwenye kosa ametajwa.